Sifa za Mshika Upondo

Maji yanayoteremka kutoka vilima vya Gishubi, Gitega, nchini Burundi, huishia mto Ruvubu, nao Ruvubu hushika njia ya Karuzi na Muyinga mpaka ukutane na Nyabarongo, karibu na maporomoko ya Rusumo, uzaliwe mto Kagera. Kwenye ramani ni mstari mmoja wa buluu. Kwa mwenye mtumbwi, pale bondeni panapotanuka, ni vichochoro vya maji katikati ya mafunjo yanayompita mtu kimo, na kila kichochoro kina tabia yake.

Aliyesimama tezini na upondo mkononi huonekana kama anasukuma tu. Mtazame vizuri. Upondo anauteremsha wima, karibu kabisa na ubavu wa mtumbwi, kwani akiuinamisha mapema chombo kitakwenda upande. Ukigusa chini, viganja vinaupanda kimoja baada ya kingine, na mwili wote unaegemea. Kabla ya kuuchomoa anauzungusha kidogo ili tope liuachie. Tope likikataa, yeye ndiye anayeachia: heri upondo ubaki mtoni kuliko mtu abaki ameukumbatia huku mtumbwi unakwenda zake. Kina kikizidi, anachukua kafi bila kubadili mwendo, na abiria hata hawatambui.

Macho nayo yana kazi. Alfajiri viboko hurudi majini kutoka malishoni, na mapovu yanayopanda kwa mpigo mmoja si ya samaki. Mvushaji hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, anabisha hodi, kisha anasubiri. Kusubiri ni nusu ya ufundi huu. Kiangazi, chombo kisipokuwa na kazi, hukizamisha majini kusudi jua lisikipasue.

Lakini kazi kubwa zaidi haionekani. Mafunjo hayakai mahali pamoja: mafuriko hung'oa vipande vyenye mizizi na udongo wake, vikaelea na kuziba njia. Kichochoro kisichopitiwa msimu mmoja hujifunga. Kinachokiweka wazi ni mitumbwi yenyewe, inayopasua leo, kesho na keshokutwa. Kila anayepita anamfungulia anayekuja nyuma, bila kumjua na bila kudai ujira.

Uingereza waliijua kanuni hiyo kwa baridi. Mifereji yao ilibeba mashua nyembamba za mizigo, upana wake kama mita 2 tu, na majira ya baridi maji yaliganda. Farasi walikokota mashua ya kuvunja barafu huku wanaume waliosimama ndani wakiiyumbisha kushoto na kulia ili ubavu wake uipasue. Wakilala siku chache, barafu ilishinda. Baridi kali ya 1963 ilifunga mifereji kwa wiki nyingi; mizigo ikahamia barabarani, na biashara iliyokuwa imeshadhoofika haikuinuka tena. Njia ya maji huuawa na kukosa wapitaji kabla ya kuuawa na kitu kingine.

Tukirudi Ruvubu, historia inamkumbuka Oscar Baumann, Mwaustria aliyevuka Ruvubu kuingia Burundi Septemba 1892. Wenye mito hii waliokuwa wakivusha watu kabla yake na baada yake hawana ukurasa wao. Siwasifu wavushaji ili kuyapinga madaraja. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anastahili daraja, na hakuna mvushaji mwenye akili atakayembishia. Ila daraja hujengwa mahali pamoja, na bonde ni refu. Kati ya daraja na daraja, shamba la mtu, soko lake na ndugu zake viko ng'ambo.

Basi ukifika kivukoni, mpe mvushaji nauli yake kamili, kaa chini katikati ya mtumbwi, na usimfundishe njia.