Mtetezi wa Makabwela Asiye Kabwela

Kwa sheria ya Roma, mtu wa koo za kale za kibwanyenye, wale walioitwa patrisii, hakuruhusiwa kugombea utribuni. Kiti hicho kilikuwa cha makabwela. Makabwela kwa nasaba, si lazima kwa mfuko. Kiliwekwa ili wawe na mtu wa kumwambia konsuli "hapana", na neno hilo moja lisimamishe amri. Augustus, mtawala wa kwanza wa milki ya Roma, alikuwa patrisii, kwani Julius Caesar alimwasili kwenye wasia wake. Kwa hiyo hakuwahi kuwa tribuni hata siku moja. Lakini alipofariki tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK, alikuwa katika mwaka wake wa 37 wa kushika mamlaka ya tribuni.

Jamhuri ya Roma iligeuzwa kuwa milki ya mtu mmoja kupitia mwanya huo: Augustus alikuwa na mamlaka ya kiti ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho.

Tunapoulizwa jamhuri ilikufaje, wengi tunakimbilia damu. Caesar anavuka mto Rubicon mwaka 49 KK, kisha majambia ya tarehe 15 Machi 44 KK. Damu ilikuwepo, tena nyingi, ila haielezi kwa nini mfumo uliofuata ulidumu. Jemadari Sulla aliingia Roma na legioni sita mwaka 88 KK, baadaye akawa dikteta, akabandika orodha za maadui wa kuuawa, akaandika katiba upya, kisha akang'atuka. Haikupita miaka kumi tangu afe, sehemu kubwa ya alichojenga ikawa imebomolewa. Nguvu alikuwa nazo. Alichokosa ni namna ya kuzihifadhi.

Jamhuri ilikuwa na makufuli yake, na hayakuwa ya kuchezea. Makonsuli walikuwa wawili ili mmoja aweze kumzuia mwenzake, na muda wao ulikuwa mwaka mmoja. Dikteta alipewa miezi 6. Gavana wa jimbo aliporudi na kuvuka pomerio, mpaka mtakatifu wa mji, mamlaka yake ya kuamrisha majeshi yalikoma papo hapo, akawa raia wa kawaida. Matribuni walikuwa 10. Sasa tazama makufuli haya yamefungwa wapi. Yote yako kwenye cheo: nani anakishika, kwa muda gani, akiwa na nani. Hakuna hata moja lililofungwa kwenye mamlaka yenyewe. Mtu akifanikiwa kuyachomoa mamlaka kutoka kwenye cheo, makufuli yote yanabaki mlangoni yakilinda chumba kitupu.

Aliyeufungua mlango huo hakuwa Augustus. Mwaka 67 KK, maharamia walipokuwa wakiiba nafaka ya Roma baharini, tribuni Gabinius alipitisha sheria ya kumpa jemadari Pompeius amri ya Mediterania nzima pamoja na maili 50 za pwani kwenda bara, kwa miaka 3, akiwa na manaibu wake mwenyewe. Wakati huo Pompeius hakuwa na wadhifa wowote. Aliwamaliza maharamia kwa takriban miezi mitatu, na watu wakafurahi, kwa nini wasifurahi? Miaka kumi na miwili baadaye alipewa Hispania, lakini hakwenda. Alikaa karibu na Roma, manaibu wakatawala kwa niaba yake. Jimbo huku, gavana kule. Vifaa vyote vilikuwa vimeshatengenezwa kabla Augustus hajaota ndevu. Yeye aliviokota kimoja kimoja akavitia kwenye mfuko mmoja.

Caesar alifanya kinyume. Badala ya kuchomoa mamlaka, alikumbatia cheo chenyewe, tena kile chenye jina la kutisha zaidi: mnamo Februari 44 KK akawa dikteta wa maisha. Aliwarahisishia kazi wauaji wake, maana hawakuhitaji kumweleza mtu yeyote ni kitu gani wanakipinga. Hakumaliza hata miezi miwili na cheo hicho. Baada ya kifo chake Antonius, aliyekuwa mtu wake wa karibu kabisa, alipitisha sheria ya kuufuta udikteta. Kijana Octavianus, ambaye ndiye Augustus wa baadaye, alikuwa na miaka 18, na naamini hakulisahau somo hilo.

Nisieleweke vibaya. Mtu akikusimulia Augustus kama mwanasheria mpole wa kuchezea vifungu, mkumbushe mwaka 43 KK. Akiwa na miaka 19 alipata ukonsuli kwa kulisogeza jeshi hadi Roma. Novemba mwaka huohuo yeye, Antonius na jemadari Lepidus waligawana dola kwa sheria, wakatoa orodha mpya za watu wa kuuawa, na Desemba kichwa cha mwanasiasa Cicero kikawekwa kwenye jukwaa la Foro alikokuwa akihutubia. Jambo hili linahusu ufundi pia, si maadili tu. Miaka kumi na sita baadaye, Augustus alipokuja na lugha yake laini mbele ya seneti, wengi wa wale ambao wangeweza kusimama na kuuliza swali la pili walikuwa makaburini.

Washirika hao baadaye waligeukiana: Antonius na Cleopatra, malkia wa Misri, walishindwa vitani Actium tarehe 2 Septemba 31 KK, Misri ikachukuliwa mwaka uliofuata. Tarehe 13 Januari 27 KK mshindi aliingia seneti na kutangaza kwamba anarudisha kila kitu mikononi mwa seneti na watu wa Roma. Maseneta wakamsihi asiwaache. Akakubali, kwa kusitasita kulikopangwa vizuri, kuchukua majimbo yenye matatizo kwa miaka 10: Hispania, Gallia, Siria. Yenye matatizo maana yake yenye majeshi. Manaibu wangetawala kwa jina lake, kama ilivyokuwa kwa Pompeius. Seneti ilibakiwa na majimbo mengi tulivu, na legioni chache, kwa mfano Afrika, ambayo ni Tunisia ya leo na maeneo jirani. Miaka 10 ilipokaribia kuisha iliongezwa, na ikaendelea kuongezwa hadi alipofariki. Siku tatu baada ya kikao kile alipewa jina la Augustus, ambalo wasomaji wa Injili ya Luka wanalijua. Halikuwa cheo. Jina halina muhula.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo na kuandika "mwanzo wa milki". Kwangu mimi, mpango wa 27 KK ulikuwa na kasoro kubwa, na mwenyewe aliiona. Alikuwa konsuli kila mwaka tangu 31 KK. Kila Januari kiti kimoja kati ya viwili kilikuwa chake, na kila mwana wa ukoo mkubwa aliyelelewa akiambiwa kwamba siku moja atakuwa konsuli kama babu yake alimwona amekikalia. Chuki ya namna hiyo ndiyo iliyomwua Caesar. Mwaka 23 KK Augustus aliugua hadi akamkabidhi msaidizi wake Agrippa pete yake ya muhuri, na hesabu za majeshi na mapato akazikabidhi kwa konsuli mwenzake. Alipopona, katikati ya mwaka, alijiuzulu ukonsuli.

Badala yake alipokea vitu viwili. Cha kwanza ni mamlaka ya tribuni bila utribuni: kuitisha seneti, kupeleka miswada kwa wananchi, kuzuia amri ya ofisa yeyote. Hakuwa na mwenzake wa kumzuia, kwa kuwa hakuwa kwenye orodha ya wale 10. Cha pili ni imperiumu, yaani mamlaka ya kuamrisha majeshi, ya ngazi ya gavana lakini yenye uzito kuliko ya magavana wengine wote, pamoja na kifungu kidogo cha dhahabu: hayatakoma akivuka pomerio. Kufuli la zamani kuliko yote likawa halimhusu mtu mmoja. Katika mji alikuwa na mkono wa tribuni, majimboni mkono wa jemadari, na mtu akimtafuta kwenye orodha ya viongozi wa mwaka hamwoni.

Mabwanyenye walifurahi! Viti vya konsuli vikawa wazi tena. Na kuanzia mwaka 5 KK ikawa kawaida makonsuli kuachia ngazi katikati ya mwaka ili wengine wapate zamu. Usambazaji wa heshima ukaongezeka, thamani yake ikashuka. Mfumuko wa bei wa vyeo, ningeuita hivyo. Wakati huohuo hesabu nyingine ilikuwa ikikimbia kimyakimya. Warumi walitaja miaka kwa majina ya makonsuli, sasa kwenye sarafu na mawe ya kumbukumbu ukawa unasoma Augustus yuko katika mamlaka ya tribuni mara ya ngapi. Mwaka 22 KK njaa ilipoingia, umati uliizingira seneti ukitaka awe dikteta. Alikataa kwa kuchana nguo zake. Kisha akachukua jukumu la kusimamia nafaka. Cheo kikakataliwa, kazi ikapokelewa.

Lakini sheria peke yake isingemfikisha popote, na hapa ndipo naona waandishi wengi wa historia wanapita haraka kupita kiasi. Tangu jemadari Marius alipofungua jeshi kwa watu wasio na ardhi mwaka 107 KK, askari wa Roma alistaafu bila chochote isipokuwa alichopewa na jemadari wake. Dola haikuwa na kiinua mgongo. Askari wa miaka kumi vitani alikuwa na sababu moja tu ya msingi ya kumfuata Sulla, Caesar au yeyote yule kuuvamia mji wake mwenyewe: asipomfuata, atazeekea barabarani. Baada ya vita vya Philippi mwaka 42 KK, miji 18 ya Italia ilipangwa kupokonywa ardhi ili wastaafu wapate mashamba. Kila vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizaa wastaafu wa kulipwa, na malipo yakazaa wahanga wa vita vijavyo.

Augustus alipunguza legioni kutoka takriban 60 hadi 28, na mara hii alinunua ardhi badala ya kuipora. Kwa maelezo yake mwenyewe alitumia takriban sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 600 kwa ardhi ya Italia na milioni 260 kwa ya majimboni. Fedha za namna hiyo alizipata kwenye ngawira na mali ya Misri, ambayo aliiweka chini ya mkuu kutoka tabaka la wapanda farasi, si seneta. Seneta hakuruhusiwa hata kukanyaga huko bila kibali. Mwaka 6 BK alianzisha hazina ya jeshi, akatia sesterti milioni 170 za mfuko wake, kisha akaweka kodi ya kuilisha: asilimia 5 ya mirathi isiyokwenda kwa ndugu wa karibu, na asilimia 1 ya mauzo ya mnadani. Askari wa legioni aliyemaliza utumishi alipata sesterti 12,000. Mshahara wa mwaka ulikuwa 900, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya mishahara ya miaka 13 kwa mkupuo.

Matajiri walinung'unika. Mwaka 13 BK Augustus aliwaambia maseneta walete mapendekezo mengine, kisha akatuma watu kuorodhesha mashamba na nyumba kana kwamba anataka kutoza kodi ya ardhi. Waliigundua ghafla thamani ya kodi ya mirathi. Askari, kwa upande wake, akawa anajua fungu lake liko kwenye hazina ya kudumu, na kwamba jemadari wake wa mpakani hana ufunguo wake.

Muda ulifanya yaliyobaki. Mtu wa miaka 60 aliyesindikiza jeneza la Augustus alikuwa na 16 wakati wa Actium. Jamhuri kwake ilikuwa hadithi ya baba yake, na hadithi yenyewe ilikuwa ya vita.

Tundu lililobaki lilikuwa urithi. Ukisema huna cheo, huwezi kutangaza mrithi wa cheo. Augustus alizunguka tatizo kwa kumgawia mteule wake mamlaka yaleyale angali hai. Mteule huyo, Tiberius, alikuwa na ya tribuni tangu mwaka 4 BK. Mteule akikosekana, mfumo haukuwa na jibu. Mtawala Caligula alipouawa tarehe 24 Januari 41 BK, seneti ilikutana na watu wakazungumzia uhuru kwa sauti. Wakati wanazungumza, walinzi wa ikulu walishamchukua ami yake, Claudius, hadi kambini, naye akawaahidi sesterti 15,000 kila mmoja. Kesho yake seneti ilikubali.

Mwaka 69 BK, Vespasianus aliposhika madaraka baada ya vita vingine vya wenyewe kwa wenyewe, mamlaka yake yaliandikwa kwenye bamba la shaba ambalo kipande chake kipo hadi leo katika makumbusho ya Capitolium mjini Roma. Ni orodha kavu ya ruhusa: kufanya mikataba, kuitisha seneti, kupendekeza wagombea, kusogeza pomerio, kutenda lolote aonalo lina manufaa kwa dola. Vifungu kadhaa vinarejea mifano ya Augustus, Tiberius na Claudius. Caligula na Nero hawatajwi. Neno mfalme halimo.

Na makonsuli? Waliendelea kuteuliwa, kuapa na kuupa mwaka majina yao. Raia wa mwisho kushika kiti hicho, Basilius, alikikalia mwaka 541 BK, mjini Constantinople.