Taasisi mbili za JavaScript zilivyoungana bila kugusa mamlaka ya mafundi

Tarehe 12 Machi 2019, huko Half Moon Bay katika jimbo la California, Node.js Foundation na JS Foundation zilitangaza kuwa zimeungana. Ilizaliwa OpenJS Foundation, shirika lisilo la faida lililopokea miradi 31 ya programu huria kwa mkupuo. Katika miradi hiyo kulikuwa na programu zinazoendesha seva za makampuni makubwa duniani, na nyingine ndogo zinazotunzwa na watu wachache baada ya saa za kazi. Swali langu ni moja: wakubwa na wadogo hao waliwezaje kukaa kikao kimoja bila mmoja kummeza mwenzake?

Jibu linaanzia nyuma kidogo, maana kila upande ulikwisha kuonja muungano kabla ya huu. Upande wa JS Foundation chimbuko lake ni jQuery, maktaba ya msimbo aliyoitoa John Resig mwaka 2006. Wenyewe wakajisajili kama jQuery Foundation mwaka 2012, wakaungana na Dojo Foundation mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakabadili jina. Hayo yalipita kwa amani.

Upande wa Node.js mambo yalikuwa machungu. Ryan Dahl aliianzisha Node.js, mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye seva, mwaka 2009, na alama yake ya biashara ikawa mikononi mwa kampuni ya Joyent. Kadiri watumiaji walivyoongezeka, mafundi walizidi kulalamika kwamba matoleo mapya yanachelewa na maamuzi yanafanywa ndani ya kampuni. Mwishoni mwa 2014 kundi la wachangiaji wakuu lilichukua msimbo, ambao leseni yake inaruhusu, likaanzisha mradi wake kwa jina la io.js. Toleo la kwanza la io.js lilitoka Januari 2015. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba Node.js itawekwa chini ya taasisi huru, na Septemba mwaka huohuo toleo la Node.js 4.0 likatoka likiwa limeunganisha kazi za pande zote mbili. Waliorudi walirudi kwa masharti: iwepo kamati ya ufundi inayoamua kwa maelewano, yenye kanuni zilizoandikwa, ambayo hakuna kampuni inayoweza kuiamrisha. Bila kuijua historia hii, mtu hawezi kuelewa kwa nini mwaka 2019 mafundi wa Node.js walikuwa wagumu kiasi kile kuhusu nani ataamua nini.

Sababu za kuungana zilikuwa za kawaida. IBM, kwa mfano, ilikuwa mwanachama mwanzilishi kwenye taasisi zote mbili, kwa hiyo ilikuwa ikilipa ada mbili na kuhudhuria vikao viwili kwa jambo linalokaribiana. Taasisi zenyewe zote zililelewa na Linux Foundation. Na fundi aliyekuwa akiandika programu ya seva kwa Node.js ndiye huyohuyo aliyekuwa akitumia webpack kufunga msimbo wake, ESLint kuukagua na Mocha kuujaribu. Mkutano wao mkuu wa Oktoba 2018 mjini Vancouver ulikwisha kuunganishwa kabla taasisi zenyewe hazijaungana.

Utaratibu ndio ulionivutia. Oktoba 2018 walichotangaza ni nia tu. Walijipa miezi mitano ya kuulizana maswali hadharani, na kikaundwa kikosi cha maandalizi chenye wawakilishi wa miradi. Rasimu za kikosi hicho ziliwekwa GitHub, mahali palepale mafundi wanapofanyia kazi zao za kila siku, ili anayepinga kifungu akipinge mapema kwa maandishi. Katika vyama vingi katiba mpya hufika ukumbini ikiwa imekwisha kuchapwa, na wanachama huitwa kupiga makofi. Hawa waliiandika mbele za watu.

Katiba waliyoifikia inatenganisha mamlaka ya aina tatu. Fedha, mikataba na alama za biashara viko kwa bodi ya wakurugenzi, ambako makampuni yanayolipa ada yana viti. Mambo yanayogusa miradi yote, kama kupokea mradi mpya au kusimamia maadili, yako kwa baraza la miradi, nalo lina sauti ndani ya bodi. Msimbo unabaki kwa mradi wenyewe. Bodi haiwezi kuiambia jQuery iandike nini, hata kama anayetaka hivyo ndiye mlipaji mkubwa kuliko wote.

Kuhusu ukubwa na udogo, waliiweka miradi kwa madaraja. Daraja la juu lilianza na mitano: Appium, Dojo, jQuery, Node.js na webpack. Kila mradi wa daraja hilo hutuma wajumbe wawili wenye kura kwenye baraza. Node.js, iliyokuwa na taasisi yake yenyewe hadi jana yake, ikaingia na kura mbili, sawasawa na Dojo, ambayo wakati huo umaarufu wake ulikwisha kupungua. Kwa maoni yangu kifungu hiki ndicho kilichouokoa muungano. Aliye mkubwa ndiye aliyekubali kupunguza sauti yake, akijua kwamba mambo yake ya ndani yamelindwa kwingine. Kukawa pia na daraja la wastaafu: mradi uliofikia mwisho wa kazi hupewa mahali pa kupumzika kwa heshima, jina lake na alama yake vikitunzwa, badala ya kuachwa ukiwa bila mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa sura lakini ambalo lingeweza kukwamisha kila kitu. Miradi ya JS Foundation ilimtaka mchangiaji asaini mkataba kabla msimbo wake haujapokelewa. Node.js ilitosheka na tamko la mchangiaji kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Wanasheria wangeweza kubishana mwaka mzima kuhusu njia ipi iwe ya wote. Ikaamuliwa kila mradi uchague mojawapo. Kwenye maadili, hata hivyo, hakukuwa na hiari. Mwaka 2017 mgogoro kuhusu mwenendo wa mjumbe wa kamati ya Node.js ulisababisha baadhi ya watu kujitenga na kuanzisha mradi wa Ayo.js. Safari hii kanuni za maadili zikawa sharti kwa kila mradi.

Matunda hayakuchelewa. Kabla mwaka 2019 haujaisha, miradi ya AMP na Electron ilikuwa imeanza hatua za kujiunga. Mwaka 2023 mfuko wa Ujerumani wa Sovereign Tech Fund ulitenga yuro 875,000 kwa ajili ya kazi za OpenJS. Serikali hupata shida kumpa fedha fundi mmoja mmoja, ila taasisi yenye hesabu zilizokaguliwa inaweza kuingia nayo mkataba.

Faida kubwa zaidi ilionekana Aprili 2024, wiki chache baada ya kugunduliwa mlango wa siri uliopachikwa ndani ya programu ya xz. OpenJS ilieleza kwamba baraza la miradi lilipokea mfululizo wa baruapepe zenye maneno yanayofanana, zikitoka kwa majina tofauti, zikidai kuna hatari za kiusalama bila kuzitaja na kutaka waandishi wake wafanywe watunzaji wa mradi mmoja maarufu. Hawakupewa. Mtunzaji mmoja aliyechoka, akiandamwa na barua hizo peke yake, angeweza kukubali ili apumue.

Upungufu upo. Bodi bado ni ya wenye fedha, na utunzaji wa miradi mikongwe kama jQuery bado unategemea kundi dogo la watu wa kujitolea. Hata hivyo, mgawanyo wa mamlaka wa mwaka 2019 naona ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Hati za baraza na kumbukumbu za vikao vyake ziko wazi GitHub hadi leo. Vikundi vya mafundi na watumiaji wa programu vya kwetu, Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko, vinavyofikiria kuungana, naviomba vizisome kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa katiba yao.