Jino moja la sproketi

Bodaboda anayetoa mananasi mashambani Kiwangwa na mwenzake anayesubiri abiria Chalinze mjini huenda wakanunua pikipiki ya aina moja, lakini kazi zao hazifanani. Wa kwanza anapambana na mchanga na vilima, matenga yamemjaa mgongoni. Wa pili anakimbizana na mabasi na malori barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Kiwanda kimewapa wote gia zilezile, na hapo ndipo fundi anapopata kazi.

Katika vipuri vyote vinavyofungwa ili "kuipa pikipiki nguvu", chenye maana zaidi ni kidogo kuliko vyote: sproketi ya mbele iliyopunguzwa jino moja. (Silensa ya kelele huongeza kelele, basi.) Tuchukue pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ndipo tairi lizunguke mara 1. Ukifunga ya meno 13, inazunguka mara 3.23. Msukumo unaofika kwenye tairi unaongezeka kwa karibu asilimia 8, ingawa injini ni ileile. Gharama yake ni mwendo: mizunguko ya injini iliyokupa kilomita 60 kwa saa sasa inakupa kama 56.

Wapo wanaopendelea kuongeza meno ya nyuma badala yake. Ya 45 inatoa karibu matokeo yaleyale, 3.21, ila ufungaji wake una usumbufu. Cheni ya 428, iliyozoeleka kwa pikipiki za mizigo, ina milimita 12.7 toka pini hadi pini. Kupunguza jino moja mbele kunalegeza cheni kwa nusu ya urefu huo, kwa hiyo ekseli ya nyuma inarudishwa nyuma kama milimita 3 tu. Kuongeza meno matatu nyuma kunaivuta ekseli mbele karibu milimita 10, na kama ekseli ilikuwa tayari karibu na mwisho wa nafasi ya mbele, itabidi utafute cheni ndefu zaidi.

Sproketi ya 13 ina faida nyingine isiyosemwa sana. Cheni hupishanisha kiungo cha ndani na cha nje. Meno yakiwa 14, kila jino hukutana na kiungo cha aina moja siku zote. Yakiwa 13, hupokezana, na ulaji unasambaa. Hasara yake ni kwamba cheni inakunjwa kwa duara dogo zaidi, na meno machache yanabeba mzigo wote. Ndiyo maana sproketi mpya juu ya cheni iliyokwisha kuvutika ni pesa ya kutupa: cheni hiyo itapanda juu ya meno na kuyala mapema.

Kazi yenyewe si ndefu. Nati ya sproketi hulegezwa kabla cheni haijatolewa, gia ikiwa imeingizwa na breki ya nyuma imekanyagwa, la sivyo sproketi itazunguka pamoja na spana. Klipu ya kiungo cha kufungia hurudishwa upande wake uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, kitu chochote kinachoigusa kinaweza kuichomoa. Ulegevu upimwe mahali cheni inapokaza zaidi, na upimwe tena mzigo ukiwa juu, kwa kuwa shokapu zikibonyea cheni nayo hubadilika.

Kwa bodaboda wa Kiwangwa ningefunga 13 bila kusita. Wa barabara kuu ningemwachia 14 yake, kwa sababu kilomita zile nne anazozipoteza atazitafuta kwa kukamua injini, lori likiwa nyuma yake. Na huyo wa mananasi asiongeze tenga la tatu kwa kuwa pikipiki sasa inapanda vizuri. Breki hazikuguswa, na kila kilima alichopanda kina mteremko wake.