Tusisake funzo tu katika visakale, tusake na janga

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari, awe wa Kebirigo au wa Kendu Bay, kisa cha Simbi Nyaima kinafunza nini. Atakujibu upesi: ukarimu. Ajuza alinyimwa makao kijijini, mama mmoja tu akamhurumia, mvua ikanyesha na kijiji kikadidimia. Jibu ni sahihi, ila ni nusu. Ziwa Simbi, katika Kaunti ya Homa Bay, limo ndani ya shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkeno. Uhakiki wetu wa fasihi simulizi umezoea kuuliza funzo ni lipi, ukasahau kuuliza ni janga gani linalosimuliwa.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili. Anayeliona shimo la duara lenye maji ya magadi anaweza kulitungia kisa bila kushuhudia lilivyotokea. Kisasili hakijithibitishi chenyewe. Sharti kipimwe kwa jambo lililo nje yake.

Hebu tupime kisakale cha Abagusii kuhusu Kabianga. Husimuliwa kwamba walipotoka nyanda za Kano wakakaa huko, mazao yalinyauka, ng'ombe wakafa, watoto wakafa, hadi wakahama. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa "vimekataa". Fasiri ya jina yaweza kuzuka baadaye, kwa hivyo tusiitegemee. Lakini hali ya hewa haikutungwa na fanani. Kabianga iko Kericho, katika nyanda za juu zenye baridi, na eneo hilo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno duniani. Mkulima wa majani chai wa Nyamira anaijua hasara hiyo. Basi kilichosomwa kama laana ni taarifa pia: mbegu na mifugo ya tambarare yenye joto ilishindwa na baridi ya juu.

Kasoro ya kisakale hiki ni kwamba kinataja hasara bila kutaja dalili. Kilinganishe na kisa cha "smong" cha kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilichotokana na tsunami ya 1907. Chenyewe husema wazi: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipofika, karibu wakazi wote waliokoka.

Huenda wazee wetu nao walizitaja dalili, sisi tukazikata. Ngano inapofupishwa ili itoshee kwenye karatasi ya mtihani, funzo hubaki. Msimu, mteremko na rangi ya maji ya kijito huondoka. Kwa hivyo mwalimu anayewatuma wanafunzi nyanjani awaagize waulize: Ilikuwa mvua ya mwezi gani? Ni kilima kipi kilichoporomoka? Nani aliyehama mapema, na aliona nini? Watu bado wanajenga kwenye miteremko hiyo hiyo.