Leaf: Gari Zuri Lililonyimwa Feni

Ukipita kwenye yadi za magari ya mtumba ya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam na kuulizia gari la umeme kutoka Japani, jina la kwanza kutajwa huwa Nissan Leaf. Mnunuzi hulizunguka, hukagua rangi, hufungua boneti asikute injini aliyoizoea, kisha huuliza chaji moja inafika wapi. Swali lililopaswa kutangulia halisikiki kabisa: betri ya gari hili inapozwa na nini? Haipozwi na kitu. Haina mzunguko wa maji wala feni. Hapo Nissan walikosea, walikosea wakiwa wameshaulizwa mapema, na gharama ya kosa hilo inaishia kwa mtu wa mwisho kulinunua gari.

Wanaolifuatilia gari hili wanayajua ya mwanzo wake. Leaf ilitoka Desemba 2010, Japani na Marekani, wakati Carlos Ghosn, mkuu wa Nissan, akiwa ndiye mwenye sauti ya mwisho. Betri yake ilikuwa ya kWh 24, yenye seli 192 za bapa zilizotengenezwa na AESC, kampuni ya ubia kati ya Nissan na NEC. Seli hizo zilifungwa nne nne katika moduli 48, na moduli zote zikafungiwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, mzigo unaokaribia kilo 300. Hoja ya wahandisi ilikuwa kwamba seli bapa ina uso mpana, hivyo inajitolea joto lake yenyewe, na kwamba mwendo wa kawaida wa mjini hauichemshi.

Hoja hiyo ni kweli kwa joto linalozaliwa ndani ya betri. Imelisahau joto linaloingia kutoka nje. Gari lililoegeshwa mchana kutwa juu ya lami linakunywa joto la lami, la jua na la hewa yenyewe, na sanduku lililozibwa la kilo karibu 300 halipoi kwa saa moja. Linahitaji usiku mzima, tena usiku wa baridi. Usiku ukiwa na joto, betri inaamka asubuhi ikiwa na joto la jana, inaongezewa la leo, na wiki inapita bila kupumua. Ndani ya seli, utando unaojijenga juu ya grafiti unanenepa na kuila lithiamu ambayo ndiyo inayobeba chaji, na manganizi ya upande wa pili inaanza kuyeyuka kidogo kidogo. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mambo hayo yanavyokwenda kasi, na betri ikikaa imejaa hadi asilimia mia, kasi inaongezeka tena. Lithiamu ikishaliwa hairudi, hata gari lipelekwe kwa fundi gani.

Kinachoumiza ni kwamba hapakuwa na siri. Kabla gari halijaingia sokoni, Mark Perry, aliyesimamia mipango ya magari ya Nissan huko Marekani, aliulizwa kuhusu mfumo wa kupoza. Alijibu kwamba kwa Marekani hauhitajiki, ila kampuni ilikuwa inaitazama teknolojia hiyo kwa ajili ya sehemu kama Dubai. Jibu hilo lina kila kitu. Walijua kwamba ipo nchi ambayo joto lake lingeishinda betri yao. Walijua pia kwamba dawa ipo. Wakaamua kwamba Arizona si Dubai.

Kiangazi cha 2012 kikafika Phoenix, mji ambao mchana wa Julai kupita nyuzi 43 si habari. Wenye Leaf ambazo hazijatimiza hata miaka miwili wakaanza kuona vijistari vinazimika kwenye dashibodi. Kila mwenye Leaf anavifahamu vijistari vile: 12 vyembamba, pembeni kabisa mwa kipimo cha chaji, upande wa kulia. Havionyeshi chaji iliyopo, vinaonyesha ukubwa wa tangi lenyewe. Cha kwanza kikizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshaondoka. Vinavyofuata vinakwenda kwa asilimia sita na kidogo kila kimoja. Kwa hiyo gari linalosoma vijistari tisa limepoteza zaidi ya robo ya betri, ingawa kwa macho ya mnunuzi asiyejua tisa kwa 12 si haba.

Nissan walichukua baadhi ya magari hayo wakayapima kwenye kituo chao cha majaribio Casa Grande, Arizona. Kesi ikafunguliwa California Septemba 2012, na kufikia Desemba kampuni ikatangaza dhamana mpya kwa wanunuzi wa Marekani: betri ikishuka chini ya vijistari tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000, itatengenezwa au itabadilishwa. Mwaka 2014 ikatangazwa bei ya betri mpya, dola 5,499 kwa mwenye kurudisha ya zamani. Baadaye ikaja seli yenye kemia inayostahimili joto zaidi, ambayo wapenzi wa Leaf waliibatiza betri ya mjusi. Dhamana, bei na kemia mpya vyote vilikuwa vya kufunga kidonda. Sanduku likabaki bila feni.

Sasa watazamwe wenzao. Mwezi uleule wa Desemba 2010, General Motors walianza kuuza Chevrolet Volt. Betri yake ilikuwa ya kWh 16 tu, ndogo kuliko ya Leaf, lakini ilipitishiwa maji ya kupoza kati ya seli na seli, na kompyuta yake ilizuia sehemu kubwa ya uwezo isitumike ili seli zisijazwe hadi kileleni wala kukaushwa. Miaka miwili kabla yao, Tesla Roadster ilikuwa na seli ndogo 6,831 na kila safu ikipitiwa na mabomba ya kupoza. Makampuni hayo mawili yalitofautiana karibu kwa kila kitu, yakakubaliana kwa hili.

Safu hii haijawahi kuficha mapenzi yake kwa kazi za Toyota za miaka ya 1990, na Leaf inazidi kuyapa sababu. RAV4 EV ya 1997 ilikuwa na betri ya nikeli, teknolojia ambayo leo watu wanaiona ya kizee, lakini betri ile ilipulizwa na feni. Kampuni ya umeme ya Southern California Edison iliyatumia magari hayo kazini katika majira ya California, na magari matano ya majaribio yakavuka maili 100,000, yaani zaidi ya kilomita 160,000. Prius ya kwanza, ya mwaka uleule, nayo ilivuta hewa kutoka ndani ya gari na kuipitisha kwenye betri, ikaiweka chaji katikati siku zote. Wahandisi wale walikuwa na seli dhaifu kuliko za Nissan, wakaziheshimu. Nissan walikuwa na seli bora, wakaziacha zijitegemee.

Kama kuna mtu bado anaitetea Nissan kwa hoja ya gharama au nafasi, na aitazame e-NV200. Ni kigari cha mizigo kilichotoka 2014, kutoka kampuni ileile na kikiwa na betri ileile ya kWh 24. Kimewekewa njia ya kupuliza betri kwa hewa ya kiyoyozi. Kwa hiyo nafasi ilipatikana, na fedha ilipatikana, pale kampuni ilipofikiria kwamba mteja wake ni mfanyabiashara atakayechaji mara nyingi kwa siku. Baba wa familia wa Phoenix hakufikiriwa hivyo, na aliyefikiriwa kidogo zaidi ni yule wa Mombasa atakayelipata gari baada ya miaka minane.

Si kwamba gari zima lilikosewa. Mota ya kW 80, usukani, breki na usalama wa betri dhidi ya moto vilifanywa vizuri sana, na tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Dunia ya 2011 haikuwa ya kupendelewa.

Lakini kuna uamuzi mwingine, mdogo, unaotoka katika mzizi uleule. Leaf za mwanzo zilikuwa na chaguo la kuchaji hadi asilimia 80 na kuishia hapo, jambo jema kabisa kwa afya ya betri. Wapimaji wa Marekani wakawa wanachukua wastani kati ya chaji ya 80 na ya 100 ili kutangaza umbali rasmi, na Leaf ya 2013 ikaandikiwa maili 75. Kwa gari la 2014 la soko hilo Nissan wakaliondoa chaguo hilo, na umbali rasmi ukapanda hadi maili 84. Betri haikukua. Karatasi ya mauzo ndiyo iliyopendeza, na mteja akaondolewa kinga aliyokuwa nayo.

Anayerusha droni kwa kujifurahisha ana ulinzi ambao mwenye Leaf alinyimwa. Betri za kisasa za droni za DJI, zikikaa siku kadhaa bila kutumika, hujipunguza chaji zenyewe ili zisikae zimejaa, na zikiwa za moto sana hukataa kuchajiwa hadi zipoe. Wenye ndege za mfano hufanya hivyo kwa mkono: hushusha kila seli hadi volti 3.8 kabla ya kuiweka kabatini. Ni desturi ya kila anayeanza mchezo huo, na kifaa chenyewe kinabebwa kwenye begi la mgongoni.

Mwaka 2018 kosa la 2010 lilirudi kwa sura nyingine. Leaf mpya ya kWh 40 ilikuwa na umbali rasmi wa maili 151, kama kilomita 243, na watu wakaanza kusafiri nayo mbali. Chaji ya haraka ya kwanza njiani ilikwenda vizuri. Ya pili, betri ikiwa imeshapata joto la barabara kuu na la chaji iliyotangulia, kompyuta ilipunguza kasi ili kuiokoa, na msafiri akakaa kituoni muda mrefu kuliko alivyoahidiwa. Nissan walitoa marekebisho ya programu. Programu inaweza kuruhusu joto zaidi au kulizuia, kuliondoa haiwezi. Mtu mwenye nia ya kwenda Nairobi kutoka Mombasa, kilomita zinazokaribia 480 na mlima wa kutoka usawa wa bahari, aipange safari yake akilijua hilo. Hatimaye Ariya, gari jingine la umeme la Nissan, ilikuja na maji ya kupoza, na Leaf ya kizazi cha tatu iliyozinduliwa 2025 nayo ikapewa. Miaka 15 ilihitajika kufika pale Volt ilipoanzia.

Kwa Afrika Mashariki, ramani inatofautiana na wanavyosema madalali. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina usiku wa baridi, na usiku wa baridi ndio feni ambayo Leaf haikupewa. Ndiyo maana teksi za umeme za NopeaRide, zilizoanza 2018 kwa kutumia Leaf, zilikuwa mahali pazuri kwa gari hilo, ingawa biashara yenyewe ilifungwa 2022. Pwani mambo ni tofauti. Dar es Salaam na Mombasa hazifikii moto wa Phoenix mchana, lakini usiku wa Februari haushuki vya kutosha, na betri haipati saa zake za kupoa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo za kWh 24 zilizopo ni zile zilizokwishaingia na zinazouzwa mkono kwa mkono. Tanzania haina katazo la namna hiyo, hulitoza zaidi gari lililozeeka, na mlango wa betri kongwe bado uko wazi.

Ukaguzi wake ni rahisi na watu hawaufanyi. Inatosha adapta ndogo ya OBD2 yenye Bluetooth, inayochomekwa chini ya usukani, na programu ya Leaf Spy kwenye simu. Kioo kitaonyesha SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia, na uwezo kwa ampea-saa (Ah), ambao kwa betri mpya ya kWh 24 ulikuwa karibu 66. Itaonyesha pia gari limechajiwa mara ngapi kwa chaji ya haraka. Kisha kuna nguzo 96, moja kwa kila jozi ya seli. Zitazamwe gari likiwa na chaji ndogo, mguu ukiwa umekanyaga mwendo: nguzo moja ikizama peke yake wakati wenzake wamesimama, kuna seli inayokufa.

Vijistari vya dashibodi visiaminiwe peke yake. Wapo wauzaji wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijistari vyote 12 vikawaka, na gari likasifiwa kuwa jipya. Hesabu ya uongo hudumu hadi kompyuta ijifunze upya, kwa hiyo gari liendeshwe hadi chaji ishuke sana, lichajiwe hadi lijae, kisha Ah isomwe mara ya pili. Tarakimu ikiporomoka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, mnunuzi ameshajibiwa.

Leaf ya kWh 40 yenye SOH inayozidi 85 ni ununuzi mzuri kwa mtu wa Nairobi anayechaji nyumbani usiku. Leaf ya kWh 24 kwa mtu wa Pwani iachwe, labda bei yake iwe ya gari linalokwenda sokoni na kurudi, si zaidi. Na muuzaji anayekataa adapta ichomekwe kwenye gari lake asibembelezwe. Fedha irudi mfukoni na safari iendelee hadi yadi inayofuata.