Serengeti Isiyosema

Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, maana yake "Serengeti isife", ilitoka mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikatunukiwa Oscar huko Marekani.

Hapana shaka kwamba ni kazi ya kishujaa. Baba na mwana, wakiruka katika ndege iliyopakwa rangi ya punda milia, waliwahesabu wanyama wa mbugani na kuzifuatia njia zao za kuhama. Kazi hiyo ilimgharimu Michael maisha yake: ndege ilianguka naye Januari 1959. Mtazamaji asiyeguswa na hayo ana moyo mgumu.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: nani anasema humu? Nyumbu wamehesabiwa, mipaka imechunguzwa. Wamasai, ambao lugha yao ndiyo iliyotoa jina lenyewe la Serengeti, twawaona, lakini hoja yao hatuisikii. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na binadamu, hata awe mwenyeji. Msanii akishaamini hivyo, mwenyeji hana nafasi katika hadithi ila kuwa tatizo.

Dosari hiyo si ya sanaa peke yake. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi hati ya kukubali kuhama Serengeti ya magharibi. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo wafugaji wangeendelea kukaa. Serikali ya kikoloni ikaweza kusema kwamba watu waliulizwa. Je, aulizwaye na mtawala wake, naye hana uwezo wa kukataa, ameulizwa kweli?

Hapa kwetu Uganda hata swali la namna hiyo lilikosekana. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Watwa walitolewa msituni. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilikiri kwamba walinyimwa ardhi yao bila fidia ya kutosha.

Ndugu walimu, somo letu lina la kusema hapa. "Kushauri" ni tendo la mmoja. "Kushauriana" ni la wawili, na kauli ya kutendana haitimii mpaka yule wa pili ajibu, hata jibu likiwa "hapana". Basi mwalimu atakayeionyesha filamu hii darasani awape wanafunzi zoezi moja: waandike maneno ambayo mzee wa Kimasai angeyasema, lau kipaza sauti angepewa yeye.