Hongereni, Mafundi wa Masikio wa Muhimbili

Kabla ya mwaka 2017, mtoto wa Kitanzania asiyesikia aliyehitaji kupandikizwa kifaa cha kusikia alipelekwa nje, mara nyingi India. Mwaka huo madaktari wa masikio, pua na koo wa Hospitali ya Taifa Muhimbili walianza kuifanya kazi hiyo hapa hapa Dar es Salaam.

Si kazi ya mkono mzito. Jicho likiwa kwenye hadubini, daktari anachimba mfupa wa nyuma ya sikio kwa keekee ndogo, akiukwepa mshipa wa fahamu wa uso. Akiujeruhi, upande mmoja wa uso unaweza kupooza. Kisha anaingiza uzi mwembamba wenye elektrodi ndani ya koklea, kijumba kilichojiviringa kama konokono. Wiki chache baadaye kifaa huwashwa. Baadhi ya watoto hulia: hata sauti ya mama ni ngeni kwao.

Hapo ndipo wanapoingia wasiosifiwa sana, wataalamu wa matamshi, wanaomfundisha mtoto kwa miezi, hata miaka, kuzitambua sauti.

Nawe mzazi, mwanao asiposhtuka mlango ukibamizwa, mpeleke akapimwe mapema. Usingoje eti atasema akikua.